Mwalimu bila matrikule: haki yake iko wapi?

Hapa Uvira, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu kupitia Songo, shule moja inaweza kuwa na walimu wa aina mbili. Wa kwanza ana namba ya matrikule na jina lake liko kwenye listi ya malipo ya serikali. Wa pili anafundisha darasa la pembeni, masaa yale yale, ila mwisho wa mwezi hana anachongoja banki. Ndio hao tunaita NP, walimu wasiolipwa.

Sheria inasema nini? Katiba ya 2006, kifungu cha 36, inataka mfanyakazi apate mshahara wa haki unaomwezesha yeye na jamaa yake kuishi kwa heshima. Kifungu cha 38 kinamruhusu kuingia sendika, na cha 39 kugoma. Mwalimu NP naye ni mfanyakazi.

Lakini hiyo ni karatasi. Zamani NP aliishi kwa prime ya wazazi. Mwezi wa tisa 2019, serikali ya Raisi Tshisekedi ilianza kutekeleza kifungu cha 43: masomo ya primere ni ya bure kwa shule za serikali. Wazazi walipumua, na ni haki yao. Ila sanduku lile la prime lilifungwa kabla walimu wote hawajaingizwa kwenye listi. Haki ya mtoto ikabebwa na mgongo wa mwalimu.

Hata mgomo haulingani. Mwenye matrikule akigoma, serikali inamjua na sendika inamdai mshahara wake. NP akigoma, kesho yake mtu mwingine anaweza kushika chaki yake. Ndiyo maana kwetu haki ya kwanza ya mwalimu ni kuandikwa. Zingine zote zinapita mlango huo.

Basi, mwalimu, tunza barua yako ya kuajiriwa na ile ya kutumwa shuleni, na uombe kopi ikiwa direkta ndiye anayezishika. Siku ya kuhesabu walimu, bila karatasi ni vigumu kuonyesha umefundisha miaka mingapi. Na nyinyi wazazi, kwenye mkutano wa komite ulizeni: walimu wangapi hapa wanalipwa, na wangapi hapana? Masomo ya bure hayawezi kusimama juu ya kazi ya bure.