Kwa nini rada ya meli inaweza isiione ngalawa ya Kawe

Upepo wa kusi ukichachamaa, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa tahadhari ya mawimbi makubwa katika pwani ya Bahari ya Hindi. Wavuvi wa Kawe, Kunduchi na Msasani huisikia redioni, na bado wapo wanaotoka, kwa sababu watoto hawali tahadhari. Hatari wanayoiwaza ni chombo kupinduka. Ipo nyingine isiyozungumzwa sana: kugongwa na chombo kikubwa ambacho rada yake haikuwaona.

Ukitaja rada nchini, wengi wetu hukumbuka ndege, au ile rada ya pauni milioni 28 iliyonunuliwa kutoka kampuni ya Uingereza, BAE Systems, na kuzua kashfa ya miaka mingi. Leo tunazungumzia rada ndogo zaidi, ile inayozunguka juu ya meli na juu ya boti ziendazo Zanzibar.

Rada hutuma mawimbi ya redio. Yakigonga kitu hurudi, kama sauti yako inavyorudi ukiita mbele ya mlima, na muda uliopita huonyesha umbali. Tabu ni kwamba bahari iliyochafuka nayo hurudisha mwangwi, mvua hurudisha, na rada za meli nyingine huingiza alama zao. Meli ya chuma ina mwangwi mkubwa unaojitokeza katikati ya vurugu hiyo. Ngalawa ya mbao, iliyokaa chini majini, ina mwangwi mdogo, na wimbi la bahari linaweza kuuzidi.

Zamani nahodha alipunguza kelele hiyo kwa kuzungusha kitufe. Akikizungusha mno, mawimbi yanafutika kwenye skrini na ngalawa inafutika pamoja nayo. Rada za sasa zimeikabidhi kompyuta kazi hiyo. Kwa kila kipande cha bahari, kompyuta hupima kelele ya vipande vya jirani, kisha huamua mwangwi uwe na nguvu kiasi gani ndipo uitwe chombo. Halafu hulinganisha mzunguko mmoja wa rada na unaofuata: wimbi hubadilika, chombo hubaki.

Hapo ndipo kasi inapogusa uhai wa mtu. Chukua rada inayozunguka mara 24 kwa dakika. Ikisubiri mizunguko 10 ili iwe na uhakika, sekunde 25 zimekwisha. Boti inayokwenda noti 30, yaani kilomita kama 55 kwa saa, imeshasogea karibu mita 390. Ikiamua mapema mno, skrini hujaa vyombo vya uongo, na nahodha aliyechoshwa na king'ora huacha kukiamini. Ndiyo maana wahandisi wanatafuta hesabu zinazoamua kwa mizunguko michache bila kudanganyika. Wamepiga hatua, zipo rada zinazopima mwendo na kukitenga kitu kinachokujia. Lakini mvuvi aliyetia nanga usiku akisubiri nyavu hana mwendo wa kumtofautisha na maji yanayomzunguka.

Kwa maoni yetu, nafuu ya haraka ni kumwongezea mvuvi mwangwi. Kifaa chake ni vibati vitatu vilivyonyooka, vilivyounganishwa kama kona ya chumba: sakafu na kuta mbili. Mawimbi ya redio yakiingia humo hudunda na kurudi yalikotoka. Bati moja peke yake halitoshi, kwa kuwa mara nyingi huupeleka mwangwi kwingine. Kitundikwe juu mlingotini, na kikipondeka pembe zikapinda, kinyooshwe. Fundi bati wa mtaani anakiweza.

Kanuni za kimataifa za usalama baharini, SOLAS, zinakitaja kifaa hiki kwa vyombo vya chini ya tani 150, pale inapowezekana. Kwa vyombo vya uvuvi, uamuzi umeachiwa serikali ya kila nchi. Huku Bara, usalama wa vyombo vya majini unasimamiwa na TASAC. Anayekagua jaketi okozi ufukweni angeweza kuuliza na hili.

Wasikilizaji wetu wa Ziwa Victoria na Tanganyika, wanaovua dagaa kwa taa, huonekana kwa macho usiku ukiwa mweupe. Mvua ikishuka, taa hufifia na rada hujaa kelele kwa wakati uleule.