Okidi haiuawi na ukame wa Singida

Mtu akirudi Singida na okidi aliyoinunua Arusha, hakosi wa kumwambia kwamba hilo ni ua la watu wa baridi, huku kwetu kukavu litakufa tu. Baada ya miezi michache linakufa kweli, na aliyetabiri anaonekana mjuzi. Sikubaliani naye hata kidogo.

Imani hii naona inatokana na Kitulo. Wengi wetu tulisikia habari za okidi kwa mara ya kwanza kupitia hifadhi ile iliyotangazwa mwaka 2005, huko juu kwenye ukungu, ambako watu walikuwa wakichimba viazi vya okidi za porini kwa ajili ya chakula kiitwacho chikanda. Zile huota ardhini. Okidi ya dukani, Phalaenopsis, ni mmea mwingine kabisa: asili yake ni misitu ya joto ya Ufilipino, Indonesia na majirani zao, na usiku ukishuka sana chini ya nyuzi 15 huumia. Huota juu ya matawi, mizizi ikiwa hewani. Mvua inailowesha, upepo unaikausha, basi.

Sasa tazama tunavyoitendea kwa kuogopa ukame. Tunaishindilia udongo na samadi ndani ya ndoo isiyo na tundu, kisha kila asubuhi kikombe cha maji. Mizizi inakosa hewa na kuoza. Mzizi uliooza haunywi, kwa hiyo majani yanalegea na kukunjamana, na mwenye ua akiyaona anasema lina kiu, anaongeza kikombe cha pili. Chomoa okidi ya namna hiyo uvute mzizi mmoja: ganda la kahawia litabaki vidoleni na ndani utaona uzi mtupu. Jua la Singida halikufanya hivyo.

Mzizi mzima ni mgumu, na wenyewe unakuambia la kufanya. Ukiwa na maji ni wa kijani. Ukikauka unakuwa na rangi ya fedha, na hapo ndipo unamwagilia, hata kama imepita wiki nzima. Badala ya udongo weka vipande vya mkaa vyenye ukubwa wa kidole gumba, uchanganye na magome ya mti, kwenye chungu chenye matundu.

Hewa kavu na upepo wetu vina madhara, sikatai. Kiweke chungu juu ya sinia ya kokoto zenye maji chini yake, mbali na dirisha linalopuliza. Visima vingi vya huku vina chumvi, na chumvi huunguza mizizi, kwa hiyo tumia maji ya mvua kutoka kwenye simtanki.

Halafu kuna jambo ambalo wenye kutukatisha tamaa hawalisemi kabisa. Ili itoe bua la maua, okidi hii inahitaji wiki kadhaa za ubaridi wa wastani, chini ya nyuzi 25 hivi. Singida ipo karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai unatupa ubaridi huo bure, humo humo sebuleni.

Kwa hiyo maua yakipukutika baada ya miezi miwili au mitatu, usiutupe mmea jalalani. Umepumzika tu. Bua likikauka likate kwa kisu safi, endelea kuangalia rangi ya mizizi, na uusubiri msimu wa baridi.