Kiingereza cha Kazi Gani?



Ndugu wanafunzi, kila likizo wazazi hutuuliza kozi ya Kiingereza itaanza lini. Hakuna anayetuuliza Kiingereza hicho ni cha kazi gani. Nasi walimu tuna makosa. Tumezoea kuchukua kitabu cha sarufi, kuanza ukurasa wa kwanza, na likizo inakwisha tukiwa bado kwenye nyakati za vitenzi.

Kijana mmoja aliyesoma kwetu alikwenda kuomba kazi katika kambi ya watalii upande wa Serengeti. Akaambiwa: mgeni anataka kushuka garini na simba yumo majanini, mzuie kwa Kiingereza. Kijana alijua kugeuza sentensi ya kutenda kuwa ya kutendwa, lakini neno la kumzuia mgeni hakulipata. Akarudi nyumbani. Lawama hiyo ni yetu, si yake.

Mtume (S.A.W.) alipomwagiza Zaid bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, haja ilikuwa barua. Zaid mwenyewe anasimulia, katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, kwamba haikupita nusu ya mwezi akawa ameyamudu, akawa anaandika barua za kwenda kwao na kuzisoma zitokazo kwao. Hatudhani kwamba siku hizo zilimtosha kuijua lugha ile yote. Zilitosha kwa kazi aliyopewa.

Basi muhtasari wa kozi kama hii uanze na maswali: mwanafunzi atazungumza na nani, wapi, juu ya nini? Atasoma nini na kuandika nini? Majibu hayamo darasani.

Pale Sirari, wafanyabiashara wa kwetu na wa Isebania wanaelewana kwa Kiswahili na Kikuria. Kiingereza kimo kwenye karatasi: fomu za forodha, ankara, hati za mzigo. Anayetaka uwakala wa forodha ajifunze kwanza kusoma na kujaza, kuongea kutafuata. Nyamongo, kwenye mgodi wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002, fundi anahitaji kusoma onyo lililobandikwa kwenye mtambo kabla hajaugusa, na kuandika taarifa ya zamu.

Mugumu na geti la Ikoma ni habari nyingine. Huko kazi ni ya sikio na ulimi. Tena watalii wengi si Waingereza! Mjerumani, Mfaransa na Mhispania nao wamejifunza Kiingereza darasani kama ninyi, na kila mmoja ana lafudhi yake. Mwanafunzi azoeshwe kuzisikia lafudhi hizo, na aseme sentensi fupi zinazoeleweka. Hata kalenda ina neno lake. Nyumbu huvuka Mto Mara upande wa Kogatende kati ya Julai na Oktoba, na wageni hujaa. Wakati wa masika, Aprili na Mei, kambi nyingine hufungwa. Kozi ya utalii ikianza Julai, imechelewa.

Wapo watakaosema tunawanyima vijana sarufi. Sivyo. Sarufi itakuja ikifuata kazi: anayepokea wageni aanze na maneno ya kuomba na kuonya, anayeandika taarifa ya zamu aanze na wakati uliopita. Hapa chuoni hatukuanza na nahwu ya Kiarabu. Tulianza na Alhamdu, kwa sababu sala ilikuwa inatungoja.

Kwa hiyo tunaomba, wanafunzi wa madarasa ya juu, wavulana kwa wasichana: likizo hii kila mmoja amwendee ndugu au jirani anayefanya kazi mgodini, mpakani au hotelini. Amwulize sentensi kumi za Kiingereza alizozisema, alizozisikia au alizozisoma wiki hiyo. Ziandikeni kama zilivyo, hata zenye makosa, msizisahihishe. Madaftari hayo tutayakusanya siku ya kufungua chuo, na kozi ya Aprili tutaipanga kutoka humo.

Wabillahi tawfiq.