Kadi za Hesabu si Kamari

Neno hili lilisemwa mbele ya watu, basi si vibaya nikilijibu mbele ya watu. Katika mkutano wa wazazi wa shule moja huku kwetu Singida, mzee mmoja wa kanisa alisimama, akainua bahasha yenye vipande saba vya karatasi ngumu, akasema, "Mwalimu anawafundisha watoto wetu karata." Watu wakaguna. Bahasha ikachukuliwa, na hata leo haijarudi. Vipande vile ni vyangu. Nalivikata kwa mkono wangu katika boksi la sabuni, wala sioni haya.

Mzee huyo ni mtu wa heshima, nami sina ugomvi naye. Amewaona vijana wakimaliza fedha za alizeti katika karata kabla hazijafika nyumbani kwa mama zao, na hasira yake juu ya jambo hilo ni ya haki. Walakini ametazama umbo la kitu, hakutazama kazi yake. Kamari ina mambo mawili: mtu huweka mali yake, na bahati huamua ni nani aichukue. Katika kadi zangu hakuna awekaye hata punje ya uwele. Na bahati haina mahali pa kuketi, kwa kuwa kadi mbili hufunuliwa mbele ya watoto wawili, na wote wawili huona kitu kile kile kwa wakati ule ule.

Kama umbo peke yake latosha kumhukumu mtu, mbona bao halihukumiwi? Lina mashimo 32 na kete 64, na jioni wazee wetu hulizunguka chini ya mti hata giza liingie, wala sijasikia mtu akiitwa mkamari kwa ajili yake. Na tukisoma Maandiko twaona kwamba mitume walipiga kura kumpata Mathiya awe mahali pa Yuda, na askari nao walipiga kura wapate vazi la Bwana. Tendo ni moja kwa macho. Nani atasema ni moja kwa moyo?

Sasa nieleze vipande vyenyewe, maana wengi walioguna hawakuvisoma. Nalichagua namba saba: 12, 15, 16, 18, 20, 24 na 30. Kadi ya kwanza ina 12, 15 na 16. Ya pili 12, 18 na 20. Ya tatu 12, 24 na 30. Ya nne 15, 18 na 24. Ya tano 15, 20 na 30. Ya sita 16, 18 na 30. Ya saba 16, 20 na 24. Chukua mbili zozote utakazo: zitakutana katika namba moja, na moja tu. Lakini namba zenyewe sikuziandika. Kila moja nimeivika nguo tatu mbalimbali katika kadi zake tatu. 12 yaonekana mahali pamoja kama 3 mara 4, pengine 20 toa 8, pengine 48 gawanya kwa 4. Basi mtoto akizitazama kadi mbili haoni vitu viwili vinavyofanana hata kidogo. Hana budi kuhesabu. Aonaye kwanza hutaja jibu, hueleza njia aliyoipita, huandikiwa alama moja kwa chaki, na mchezo huendelea.

Hapa nina neno na walimu wenzangu pia, kwa maana si kila kadi iitwayo ya hesabu inayo hesabu. Wengi huandika 3 mara 4 katika kipande kimoja na 12 katika kingine, huzifunika zote, na mtoto hutafuta jozi. Nimekaa nikawatazama wachezao hivyo. Baada ya siku tatu mtoto mwerevu amekwisha kuijua 12 kwa doa la mafuta lililo pembeni! Ameshinda kwa macho, na akili yake ya hesabu imelala usingizi mnono. Kuimba jedwali asubuhi ni kuzuri, mimi nami naliimba nikiwa mdogo, lakini kasuku naye huimba.

Kadi hizi humwonya hata aliyezitengeneza. Mara ya kwanza, katika kadi ya tano, nalikusudia kuandika 40 gawanya kwa 2, nikaandika 36 gawanya kwa 2. Sikujua. Msichana wa Darasa la Nne akaniletea kadi ya tano na ya saba, akasema, "Mwalimu, hizi hazisalimiani." Nikamwambia ahesabu tena. Akahesabu, kisha akaleta ya nne, akanionyesha kwamba hiyo nayo yakutana na ya tano mara mbili. Msichana huyu hakuwahi kuinua mkono katika kipindi changu tangu mwaka uanze.

Wengine wasema huu ni upuuzi wa siku hizi. Sivyo. Mwaka 1850 padre wa Uingereza, Thomas Kirkman, alitoa fumbo la wasichana 15 wa shule watembeao watatu watatu kwa siku saba, pasipo wawili kuwa safu moja zaidi ya mara moja. Mpango wa kadi zangu ni ndugu mdogo wa fumbo hilo. Jambo lenyewe ni rahisi kulipima. Shika kadi moja: kila namba yake imo katika kadi nyingine mbili, 3 mara 2 ni 6, ongeza ile uliyoishika, ni 7. Ukitaka namba nne katika kila kadi, ni 4 mara 3 na 1, yaani 13. Ukitaka nane, ni 57; na mchezo wa picha uitwao Dobble, uliotolewa Ufaransa mwaka 2009, una picha nane kwa kila kadi, ila waliutoa na kadi 55. Lakini mwalimu asijaribu namba saba kwa kadi. Hesabu itampa kadi 43, naye atakata maboksi ya kijiji kizima bila kufanikiwa, kwa maana kazi ya Mfaransa Gaston Tarry ya miaka 1900 na 1901 yathibitisha kwamba mpango huo hauwezekani. Mimi nalipenda jambo hili kuliko yote: kwamba hesabu ya juu juu yasema ndiyo, na ukweli wasema hapana.

Basi namwomba mzee wangu kwa heshima: bahasha ile ailete katika mkutano ujao, aifungue mwenyewe juu ya meza, achague kadi mbili mbili apendavyo. Jozi zote ni 21, hazitamchosha. Akipata jozi moja isiyokutana, au inayokutana mara mbili, nitazitia motoni kwa mkono wangu mbele ya wazazi wote. Kadi ya tano nilikwisha kuisahihisha.