Ndege na Aliyeitwa Naye

Kijana wetu mmoja amerejea kutoka Yaeda Chini, wilayani Mbulu, na picha ya ndege aonyeshaye asali. Ameipunguza pande zote hata akabaki ndege peke yake juu ya tawi kavu. Kila unyoya wahesabika. Naye alalamika kwamba nyumbani hakuna aliyeisifu.

Tukamwomba picha nzima. Kumbe chini ya mbuyu amesimama mzee wa Kihadzabe, ameinua uso, anapiga mbinja! Ndege huyu humwita mtu, akamtangulia mti kwa mti mpaka penye nyuki. Mtu huwafukiza kwa moshi na kutwaa asali, na ndege hutaraji nta na majana. Hayo yote kijana aliyakata, eti mzee "anaharibu picha", ilhali mzee mwenyewe aliridhia kupigwa.

Kupunguza si kosa. Tawi lililoziba pembeni na liondoke. Mbele ya mdomo wa ndege pabaki nafasi, jicho lifuate anakotazama. (Hukumu ya picha yenyewe tunawaachia masheikh wetu.) Lakini bonde lile ni makazi ya Wahadzabe, na mwenye kumfuta mtu katika nchi yake amesema uongo bila kufungua kinywa.

Kijana amekata upya: ndege juu kuliani, mzee chini kushotoni, shina la mbuyu kati yao. Ndege amekuwa mdogo zaidi. Mama yake aliitazama kitambo, kisha akauliza, "Wanaambiana nini?"