Risala ya Abiria wa Treni za Mjini, Dar es Salaam, kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi

Mheshimiwa Waziri,

Sisi ni abiria na majirani wa reli: watu wa Yombo, Kitunda, Gongo la Mboto na Mabibo, pamoja na wenzetu wa Mbagala na Tegeta ambao reli hawanayo lakini wameomba nao wasemewe humu.

Tunaanza kwa shukrani. Treni hizi zilipoanza Oktoba 2012, moja ikitoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa na nyingine ikitoka Tazara hadi Mwakanga, watu waliziita treni za Mwakyembe, kwa jina la waziri wa wakati ule. Mwaka 2016 ikafuata ya Pugu. Aliyezoea foleni ya Barabara ya Nyerere anajua raha ya kupita bila kusubiri taa.

Malalamiko yetu ni juu ya mpango wenyewe. Treni zimepangiwa asubuhi na jioni, kana kwamba jiji zima linaingia ofisini na kutoka kwa pamoja. Mama lishe anafuata bidhaa sokoni kabla hakujapambazuka, na ifikapo saa nne asubuhi anataka kurudi na mzigo wake. Mjamzito wa Yombo akimaliza kliniki Temeke saa sita mchana, hawezi kukaa hadi jioni kungoja behewa. Mwanafunzi, ambaye makonda wa daladala wanamkwepa kwa sababu ya nauli yake ndogo, anatoka shule mchana. Muuguzi wa zamu ya usiku anarudi nyumbani wakati wengine wameshaingia kazini. Hawa wote saa zao zikifika hukuta reli tupu, wakaishia kwenye bodaboda kwa nauli inayomeza faida ya siku.

Kwa hiyo dai letu la kwanza, tunalolipa uzito kuliko mengine yote, ni treni za kutwa nzima. Hata zikiwa na mabehewa machache, zipite kwa saa zinazojulikana, na ratiba ibandikwe katika kila kituo. Hili halihitaji reli mpya. Linahitaji vichwa vya treni, mafundi, na uamuzi.

La pili ni pengo la Tazara. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067 na Reli ya Kati ina 1,000, hivyo treni ya Mwakanga haiwezi kuendelea hadi Stesheni. Abiria wa Kariakoo anashushwa Tazara, anagombania daladala, analipa nauli ya pili. Hatuombi mataluma yang'olewe. Tunaomba tiketi moja inayokubalika kwenye treni na kwenye basi, na mabasi yanayoisubiri treni pale pale inaposimama. Njia ya mabasi ya mwendokasi ya Barabara ya Nyerere inapita hapo hapo. Ni nani aliyekaa na pande zote mbili mezani kupanga saa?

Tunaomba pia reli ya kisasa itufae na sisi. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inakwenda Morogoro, na Pugu ina kituo chake. Treni fupi za Stesheni na Pugu ziwekwe kati ya zile za safari ndefu, kwa nauli ya mtu wa kipato cha siku. Anayekwenda Morogoro anafika ndani ya saa mbili. Mkazi wa Mbagala mwenye kibarua Tegeta hana hakika ya muda huo siku ya mvua.

Maana reli zote za abiria jijini zinaelekea magharibi na kusini-magharibi. Barabara ya Kilwa na ya Bagamoyo hazina hata moja, katika mkoa ambao sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Tunadai ardhi ya kupitisha reli kuelekea Mbagala na Bunju ipimwe na itengwe sasa, kabla nyumba hazijaijaza na fidia haijashindikana.

Mwisho, vituo vidogo vipate paa, taa, choo, na jukwaa lililo sawa na mlango wa behewa. Mzee na mama mwenye mtoto mgongoni wasipandishwe kwa kuvutwa mikono.

Tunaomba majibu kwa maandishi, na abiria wawakilishwe ratiba zinapopangwa.

Tunaomba kuwasilisha.