Hiyo 3% ya Yadi Itakumaliza

Wasee, hii "lipa pole pole, 3% pekee kwa mwezi" ya yadi za magari ni mtego. Na wenzangu wa video mnaolipwa kupiga picha na funguo za Vitz mnajua. Ama hamjui, na hiyo ni mbaya zaidi.

Tupige hesabu. Umekopa 600,000 kwa miezi 24. Yadi inahesabu 3% ya hiyo 600,000 yote kila mwezi, hata ule wa mwisho ambapo deni limebaki kidogo tu. 18,000 mara 24 ni riba ya 432,000. Unatoa 43,000 kila mwezi, jumla 1,032,000. Kwa Vitz! Na traka na bima bado.

Hiyo hiyo 3% ikihesabiwa kwa salio, yaani deni lililobaki, riba inashuka hadi kama 250,000. Kwa hivyo ukifika yadi, uliza: mnahesabu kwa deni lote ama kwa salio? Nikimaliza nitakuwa nimelipa ngapi? Muuzaji akianza kuzungusha maneno, toka.

Najua sacco unaona ni ya wazazi. Lakini ukipata ya 1% kwa mwezi kwa salio, na ziko, riba ni kama 78,000. Ndiyo, utaweka akiba kwanza, utafute wadhamini, upande matatu mwaka mwingine mzima. Panda. Madalali wakibeba gari usiku utazipanda tu, na dipoziti imeenda.

Nanyi wenzangu, tangazo lijalo wekeni hiyo jumla kwa video.